Kaskazi hii na ya mwaka jana: majibu kwa wasomaji kuhusu umeme, joto, soko, gesi na maji

Tangu Januari iingie, maswali mengi yanayofika kwenye safu hii yanaanza na maneno yaleyale: "Mwaka jana wakati kama huu..." Kisha linafuata lalamiko. Umeme unakwisha haraka, joto limezidi, soko halishikiki, mtungi wa gesi haufiki mwisho wa mwezi. Wengi wana haki ya kulalamika, lakini kabla ya lalamiko kuna hesabu, na hesabu yenyewe mara nyingi imelinganisha visivyolingana: shilingi badala ya uniti, fungu badala ya kilo, mwezi wenye mfungo na mwezi usio nao. Tumechagua maswali manane. Yaliyohitaji maelezo marefu tumeyapa nafasi, mengine tumeyajibu kwa ufupi.

Swali: Mwaka jana Januari na Februari nilikuwa nikinunua umeme wa shilingi 10,000, unanikalisha siku nane. Mwaka huu hauvuki siku sita. Nyumba ni ileile, watu ni walewale. Je, mita yangu ni mbovu? (Msomaji, Tabata, Dar es Salaam)

Jibu: Tuanze na risiti kabla ya mita. Kwa mteja wa LUKU, yaani mita ya kulipia kabla, aliye kwenye daraja la T1, lile la matumizi ya kawaida, uniti moja ni shilingi 292. Juu yake inaongezwa kodi ya ongezeko la thamani (VAT) asilimia 18, tozo ya wakala wa umeme vijijini (REA) asilimia 3 na ya mdhibiti wa nishati na maji (EWURA) asilimia 1, jumla inakuwa kama shilingi 356. Kwa hiyo 10,000 inatoa uniti 28 na kidogo. Lakini manunuzi ya kwanza ya kila mwezi yanakatwa pia kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa. Hapo inabaki 8,500, na unapata uniti zisizofika 24. Usiponunua miezi mitatu, manunuzi yanayofuata yanakutana na deni lote la kodi kwa mkupuo, na watu hudhani wameibiwa.

Sasa rudi kwenye siku zako. Uniti 28 kwa siku nane ni 3.5 kwa siku. Kama hizo siku sita unazozitaja zilitokana na manunuzi ya kwanza ya mwezi, basi ni uniti 24 kwa siku sita, yaani 4 kwa siku. Tofauti halisi ni nusu uniti. Pangaboi moja la wati 60 likizungushwa kuanzia saa tatu usiku hadi alfajiri linakula hiyo nusu uniti yote peke yake. Huenda mwaka jana mlikuwa mkilizima usiku wa manane, mwaka huu linakesha.

Ukitaka ulinganisho usio na ubishi, achana na tarehe za kununua. Mita ina hesabu ya jumla ya uniti zilizotumika tangu ifungwe. Namba ya kubonyeza ili kuiona hutofautiana kwa aina ya mita, na mara nyingi imeandikwa kwenye kile kikaratasi kilichokuja nayo. Soma namba hiyo saa ileile ya siku, mfano saa moja asubuhi tarehe 15, kisha tarehe 15 ya mwezi unaofuata. Toa, gawa kwa idadi ya siku. Ukianza leo, mwakani utakuwa na cha kulinganisha.

Mita nayo inaweza kupimwa nyumbani. Ina taa ndogo nyekundu inayowaka na kuzima, na pembeni pameandikwa idadi ya mimweko kwa uniti moja, kwa mfano 1000 imp/kWh. Chomoa kila kitu, kisha washa birika la umeme lililojaa maji. Angalia wati zake chini ya kitako. Birika la wati 2,000 kwa mita ya mimweko 1,000 linatoa mmweko mmoja kila baada ya sekunde 1.8, kwa hiyo mimweko kumi inachukua sekunde 18. Ikichukua 20 au 21 usishtuke, ni kwamba umeme wa mtaani kwako umeshuka nguvu na birika linavuta kidogo. Ikichukua 15 au pungufu, hapo una hoja ya kuita mafundi wa shirika la umeme, TANESCO. Fanya na jaribio la pili: zima swichi kuu. Taa ikiendelea kumweka, kuna waya unaochepusha umeme kati ya mita na swichi yako. Ikiacha kumweka swichi kuu ikizimwa, lakini inamweka ukiwa umechomoa vyombo vyote na swichi kuu imewashwa, shida iko kwenye nyaya za nyumba au kuna kitu umekisahau. Pampu ya maji na hita ya bafuni ndivyo vinavyosahaulika zaidi.

Neno kwa walio kwenye daraja la D1, wale wa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Kwao uniti ni shilingi 100, na pamoja na kodi na tozo ni 122. Uniti 75 zote zinagharimu 9,150. Ya 76 haigharimu 122 tena. Inapigwa kwa 350, na kodi zake inakuwa 427. Chukua nyumba iliyokuwa inatumia uniti 70 wakati wa kipupwe: inalipa 8,540. Kaskazi inaingia, pangaboi linaongeza uniti 18, zinakuwa 88. Malipo yanapanda hadi 14,701. Matumizi yameongezeka kwa robo tu na gharama imepanda kwa zaidi ya theluthi mbili. Hakuna aliyeibiwa hapo, wamevuka mstari. Nyumba za wapangaji watatu kwenye mita moja ndizo zinazovuka kila mwaka, halafu ugomvi unaishia kwa mwenye friji.

Swali: Hapa kwetu tokeni za shilingi 1,000 zinaleta uniti tofauti kila mwezi. Desemba nilipata nyingi kuliko Februari, na Februari ya mwaka jana nayo ilikuwa tofauti. Nilinganishe vipi? (Msomaji, Nyali, Mombasa)

Jibu: Kenya hesabu ina sehemu mbili zinazotembea, na zote mbili zinakugusa wakati wa joto.

Ya kwanza ni ngazi ya mteja. Wateja wa majumbani wamegawanywa kwa wastani wa matumizi ya miezi mitatu: wasiozidi uniti 30, wanaozidi 30 hadi 100, na wanaozidi 100. Kila ngazi ina bei yake. Ukiwasha kiyoyozi Januari, wastani wako unapanda taratibu, na pengine unavuka 100 mwezi wa Februari au Machi. Kisha ukikizima Aprili, bei haishuki siku hiyohiyo kwa kuwa wastani bado umebeba miezi ya joto. Ndiyo maana wengine hulalamikia Aprili ilhali kosa ni la Februari.

Ya pili ni tozo ya mafuta ya kuzalishia umeme na marekebisho ya fedha za kigeni, ambayo hutangazwa upya kila mwezi. Mabwawa yakipungua maji, mitambo ya mafuta inafanya kazi zaidi, na tozo inapanda. Ujumbe wa tokeni unatenganisha pesa ya umeme wenyewe na pesa ya makato mengine. Zihifadhi meseji hizo, na ukilinganisha miaka, linganisha uniti kwa uniti. Shilingi weka safu ya pembeni, kwa ajili ya bajeti.

Swali: Nina risiti zote tangu Januari 2024. Mwaka ule nilitumia uniti chache sana, 2025 zikapanda, na 2026 zimebaki juu. Sijanunua kifaa chochote kipya. (Msomaji, Kigamboni)

Jibu: Januari 2024 Tanzania ilikuwa kwenye mgao. Mtambo wa kwanza wa bwawa la Julius Nyerere uliingizwa kwenye gridi Februari 2024, na mitambo mingine ikafuata hadi ikatimia tisa yenye uwezo wa megawati 2,115. Nyumba inayokosa umeme saa nane kwa siku haiwezi kutumia sawa na inayoupata muda wote. Uniti zako za 2024 si kipimo cha ubanaji matumizi, zilikuwa kipimo cha giza. Anzia 2025.

Swali: Friji letu la mtumba la milango miwili linanguruma mchana kutwa. Mwaka jana halikuwa hivi. Nimelipandisha hadi namba ya mwisho na bado maji hayawi baridi. (Msomaji, Tanga mjini)

Jibu: Friji halitengenezi baridi, linatoa joto la ndani na kulimwaga nje kupitia mabomba ya nyuma au ya ubavuni. Jikoni pakiwa na nyuzi 32 badala ya 25, joto hilo halina pa kwenda kirahisi, na kompresa inafanya kazi muda mrefu zaidi. Matumizi yanaweza kupanda kwa theluthi bila kitu chochote kuharibika. Lakini la kwako linanguruma na halipozi, kwa hiyo fuata mpangilio huu.

Livute mbele, liache nafasi ya kiganja kizima, kama sentimita 10, kati yake na ukuta. Mabomba ya nyuma yasafishe kwa brashi kavu. Vumbi la jikoni likichanganyika na mvuke wa mafuta linakuwa kama blanketi. Halafu bana noti kwenye mlango na ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira wa mlango umechoka. Jaribu pande zote nne, kwa sababu upande wa bawaba huwa wa kwanza kulegea. Mpira uliokakamaa wakati mwingine hurudi ukioshwa kwa sabuni na kulainishwa kwa kitambaa chenye maji ya moto. Usiporudi, ubadilishe.

Angalia barafu iliyoganda kwenye kuta za friza. Ikizidi nusu sentimita, yeyusha yote. Usikwangue kwa kisu, kwa sababu tundu moja kwenye bomba gesi yote inatoka, na kulitengeneza kunakaribia bei ya friji jingine la mtumba. Namba ya mwisho nayo irudishe katikati. Kwenye friji za aina hii namba ya juu kabisa huifanya kompresa isipumzike, barafu inajijenga haraka, na barafu hiyo ndiyo inayozuia baridi kushuka chini. Kupima, weka kipimajoto ndani ya glasi ya maji kwenye rafu ya katikati usiku kucha. Nyuzi 4 au 5 ni vizuri.

Kama mnagandisha barafu za kuuza, hesabuni. Lita 10 za maji ya bombani kuzifanya barafu zinakula takriban uniti moja kwa siku, na friji ikiwa imechoka ni zaidi. Hiyo ni uniti 30 kwa mwezi ambazo hazikuwapo mwaka jana ikiwa biashara imeanza mwaka huu.

Jambo la mwisho kwa friji: kompresa ikijaribu kuwaka, ikanguruma sekunde chache na kukata, ikarudia tena, hasa saa moja hadi saa nne usiku, umeme umeshuka nguvu. Saa hizo kila nyumba ina feni na viyoyozi. Kifaa cha kulinda friji, kile kinachosubiri kama dakika tatu kabla ya kurudisha umeme, kitaokoa kompresa. Bila hicho, lichomoe saa hizo.

Swali: Redioni wanasema nyuzi 32, kipimajoto changu chumbani kinasoma 36. Mwaka jana sikuwa nacho lakini nina hakika joto limeongezeka. Nani mkweli? (Msomaji, Mbagala)

Jibu: Nyote wawili. Mamlaka ya Hali ya Hewa hupima ndani ya kisanduku cheupe chenye mbao za kupitisha upepo, kivulini, kimo cha mtu kutoka ardhini. Wewe unapima chini ya bati. Bati lililopigwa na jua la saa nane linachemsha hewa ya chini yake, na kama hakuna silingibodi, joto hilo linakushukia kichwani.

Kuhusu mwaka jana, hisia haitoshi. Mwili haukumbuki nyuzi, unakumbuka usiku ambao hukulala. Na usiku wa pwani hauharibiwi na nyuzi peke yake. Unyevu unapokuwa mwingi jasho halikauki, na jasho lisilokauka halipozi. Wiki mbaya zaidi mara nyingi ni za Machi, pale kaskazi inapolegea na kusi haijashika, wakati wavuvi wanauita maleleji. Upepo ukifa, nyuzi 31 zinauma kuliko 33 zenye upepo.

Wataalamu wenyewe hawapendi kulinganisha mwaka na mwaka mmoja uliotangulia. Wanatumia wastani wa miaka 30, kwa sasa 1991 hadi 2020. Sababu ni kwamba mwaka jana unaweza kuwa wenyewe ni wa ajabu. Mwaka 2024, kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani, takriban nyuzi 1.55 juu ya kiwango cha kabla ya viwanda. Ukiufanya huo kuwa kipimo, mwaka wowote unaofuata utauona nafuu hata kama umepita wastani.

Kwa kumbukumbu zako, tundika kipimajoto ukuta wa ndani usiopigwa na jua, mbali na feni na jiko, usawa wa kifua. Andika saa tatu asubuhi, saa tisa alasiri na saa tatu usiku. Ya usiku ndiyo itakayokusaidia zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoamua usingizi. Kama unaweza kurekebisha kitu kimoja tu kabla ya Desemba ijayo, paka bati rangi nyeupe au weka silingibodi yenye matundu ya kutolea hewa pande mbili za paa. Silingibodi iliyozibwa pote inahifadhi joto hadi usiku. Na feni haipozi chumba, inampoza mtu, kwa hiyo kuiacha ikizunguka chumba kitupu ili "kipoe" ni kuchoma uniti bure.

Swali: Tunaambiwa mfumuko wa bei ni kama asilimia tatu. Mimi kwa vyakula vilevile nimeongeza pesa nyingi kuliko hapo. Takwimu zinapikwa? (Msomaji, Mwanakwerekwe, Zanzibar)

Jibu: Hazihitaji kupikwa ili zitofautiane na kapu lako. Mfumuko wa bei wa mwaka ni ulinganisho wa mwezi huu na mwezi kama huu mwaka uliopita, ila kwa kapu la taifa zima. Ndani yake kuna kodi ya nyumba, nauli, simu, ada, nguo. Bara inahesabiwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu, na Zanzibar ina hesabu yake kupitia Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali, kwa hiyo hakikisha unasoma ya kwenu. Familia ambayo sehemu kubwa ya kipato chake inaishia sokoni inaumizwa na chakula kuliko kapu la wastani linavyoonyesha.

Tengeneza kapu lako. Andika vitu unavyonunua kila mwezi na kiasi, kisha usibadilishe kiasi hicho. Bei ndiyo inabadilika. Chukua mfano huu, ambao bei zake ni za kufanyia hesabu tu. Mchele kilo 20 kutoka 2,800 hadi 3,000. Unga kilo 15 kutoka 1,600 kushuka hadi 1,500. Mafuta lita 4 kutoka 6,000 hadi 6,500. Sukari kilo 5 kutoka 3,000 hadi 2,900. Nyanya kilo 8 kutoka 1,500 hadi 2,500. Dagaa kilo 2 kutoka 12,000 hadi 13,000. Kapu la mwaka jana ni 155,000, la mwaka huu 169,000. Limepanda asilimia 9. Lakini tazama ndani: katika nyongeza ya 14,000, nyanya peke yake imechukua 8,000. Ukiiondoa nyanya kwenye miaka yote miwili, ongezeko ni asilimia 4 na kidogo. Mvua ikiharibu mashamba au mavuno yakichelewa, nyanya hupanda na baada ya wiki chache huporomoka. Huo si ugumu wa maisha wa mwaka mzima, ni ugumu wa mwezi huo.

Kuna mitego mitatu ya soko letu ambayo hesabu ya kalamu haiioni.

Fungu ni la kwanza. Muuzaji mara nyingi hapandishi bei, anapunguza. Fungu la nyanya la 1,000 lililokuwa na nane sasa lina sita, na kinywani mwako unasema bei haijabadilika. Nunua mizani ndogo ya ndoano, pima fungu, pima sado, hata kopo la mkaa. Sado ya maharage iliyojazwa hadi kileleni na ile iliyofutwa usawa wa ukingo si kitu kimoja, na sado iliyobonyezwa kitako ni kitu cha tatu.

Dagaa na samaki wa taa ni mtego wa pili, na huu unawakamata hata wanaojua soko. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa wakati wa giza. Mwezi ukiwa mpevu taa haivuti kitu, vyombo vingi vinakaa ufukweni kwa siku kadhaa na bei inapaa. Sasa kalenda ya mwezi haifuati ya Januari na Februari, inatangulia kwa takriban siku 11 kila mwaka. Februari 2025 mwezi mpevu ulikuwa tarehe 12. Februari 2026 ulikuwa usiku wa kuamkia tarehe 2, na tarehe 12 ilikuwa inaelekea giza. Aliyelinganisha dagaa wa tarehe 12 na wa tarehe 12 alilinganisha ufukwe mtupu na ufukwe uliojaa. Linganisha wiki ya giza na wiki ya giza.

Wa tatu ni Ramadhani, kwa sababu hiyohiyo ya mwezi. Mwaka 2025 mfungo ulianza mwanzoni mwa Machi, na 2026 ukaanza tarehe 18 au 19 Februari kwa kutegemea mwandamo. Muhogo, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbichi, nazi, tende na tambi hupanda kuanzia siku chache kabla ya mfungo. Kwa hiyo mwisho wa Februari mwaka huu utaonekana ghali mno ukiuweka mbele ya mwisho wa Februari mwaka jana, na mwisho wa Machi utaonekana nafuu. Wanaofunga na walio mtaa mmoja nao walinganishe Shaaban na Shaaban, Ramadhani na Ramadhani.

Swali: Mtungi wa gesi wa kilo 15 ulikuwa unatukalisha miezi miwili, sasa siku 45. Je, joto linapunguza gesi? (Msomaji, Bagamoyo)

Jibu: Joto linaongeza mgandamizo ndani ya mtungi, haliondoi hata gramu moja ya gesi kama hakuna panapovuja. Kwa hiyo pima kwa kilo. Kwenye kola ya mtungi pamechongwa uzito wake ukiwa mtupu. Uzito huo ukiongeza 15 ndio uzito unaopaswa kuuona kwenye mizani ya duka kabla hujalipa, na muuzaji anayekataa kupima amekujibu. Mtungi ukiisha, upime tena kabla ya kuurudisha. Mara nyingine kuna nusu kilo imebaki.

Kilo 15 kwa siku 60 ni gramu 250 kwa siku. Kwa siku 45 ni gramu 333. Hizo 83 zimekwenda wapi? Angalia moto: ukiwa wa njano na unaacha masizi kwenye sufuria, vichwa vya jiko vimeziba. Vitoe, vioshe, zibua matundu kwa sindano. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regyuleta, na mapovu yakikua kuna uvujaji. Usijaribu kwa kiberiti. Maharage yasiyolowekwa usiku yanadai moto kwa muda mrefu sana kuliko yaliyolowekwa. Na kama siku hizo 45 zilikuwa na futari na daku, mlipika milo miwili mikubwa ya moto wa muda mrefu kila siku, huenda hapo ndipo jibu lilipo.

Swali: Ankara ya maji ya Februari imezidi ya Februari iliyopita kwa uniti sita, na mwaka huu maji yalikuwa ya mgao! (Msomaji, Kinondoni)

Jibu: Uniti moja ya maji ni lita 1,000, sawa na madumu 50 ya lita 20. Sita ni madumu 300, si kiasi cha kupotea bila dalili. Kwanza tazama tarehe za kusomwa mita kwenye ankara zote mbili. Usomaji mmoja ukiwa wa siku 27 na mwingine wa siku 35, tofauti inaweza kuwa hiyo tu. Gawa uniti kwa siku.

Zikibaki juu, shuku mgao wenyewe. Koki inaachwa wazi ili maji yakirudi usiku yajaze ndoo. Yanaanza kwa kusukuma hewa, ambayo nayo huzungusha mita, kisha yanamwagika hadi alfajiri. Koki ya boya la simtanki ikikwama, maji ya ziada yanatokea bomba la juu nyuma ya nyumba ambako hakuna anayepita. Kwa jaribio, funga koki zote pamoja na ya kujazia tangi, angalia kile kinyota kidogo kwenye mita kwa dakika kumi. Kikizunguka, kuna bomba linavuja ardhini. Kisipozunguka, weka rangi ya chakula au chai ya rangi iliyokolea kwenye tangi la choo, usivute maji nusu saa. Rangi ikiteremka bakulini, mpira wa ndani umekwisha. Koki inayodondosha tone moja kila sekunde inapoteza kati ya lita 10 na 20 kwa siku, kwa hiyo haiwezi peke yake kufikisha uniti sita, lakini choo kinachopitisha maji mchana na usiku kinaweza na kupita. Kuanzia sasa, piga picha ya mita kila siku msoma mita anapopita, ili tarakimu zako na zake ziwe za siku moja.